Kisu cha Kuchinjia na Jiwe la Kukinolea



Wasomaji wetu wapenzi, wazee, akina mama na vijana, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo kilichomo karibu katika kila nyumba, wala hapana akitazamaye mara mbili, nacho ni jiwe la kunolea kisu. Huenda mtu akasema, "Je, gazeti la dini limeishiwa na maneno hata liandike habari za vinoo?" Twamwomba mtu huyo avumilie, asome mpaka mwisho. Habari hii twaiandika kwa aibu yetu wenyewe, na aibu yenye faida kwa wengine haifai kufichwa.

Sisi twakaa Ifakara, katika bonde la mto Kilombero. Upande mmoja yasimama milima ya Udzungwa, upande wa pili nchi ya juu ya Mahenge, na katikati ni maji na mpunga. Aliyepata kukaa kwetu ajua kuwa hapana kazi ya bondeni isiyotaka makali. Mpunga hukatwa kwa mundu, vichaka hufyekwa kwa panga, na wavuvi wa mto hupasua samaki kwa visu vyembamba kabla ya kuwabanika. Tangu Mei hata Julai, wakati wa mavuno, ukipita alfajiri baada ya sala utasikia katika ua huu na ua ule sauti ya chuma juu ya jiwe. Mtoto wa kwetu huijua sauti hiyo kabla hajajua kusoma.

Wahenga walisema kuwa mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Methali hiyo ni ya kweli, lakini yamtazama mlaji peke yake. Dini yetu imetufundisha kumtazama pia yule aliwaye. Shaddad bin Aus, r.a., amesimulia hadithi iliyomo katika Sahihi ya Imamu Muslim, ambayo Imamu Nawawi ameiweka ya 17 katika Arubaini yake, kuwa Mtume, s.a.w., alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameufaradhisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja. Basi mwenye kuchinja na akinoe kisu chake, ampumzishe mnyama wake. Ibn Abbas, r.a., naye amesimulia habari ya mtu aliyemlaza mbuzi kisha akawa ananoa kisu mbele yake, Mtume, s.a.w., akamkemea kwa kumwuliza kama ataka kumwua mnyama yule mara mbili, na kwa nini hakukinoa kabla ya kumlaza.

Iko na hadithi nyingine katika Sahihi Muslim ambayo akina mama wa nyumba zetu wangeipenda lau wangesomewa mara nyingi zaidi. Mtume, s.a.w., alipotaka kuchinja kondoo wake wa Idi alimwambia Bibi Aisha, r.a., alete kisu, kisha akamwamuru akinoe kwa jiwe. Bibi Aisha akakinoa. Tazameni basi, wasomaji, jinsi jiwe la kunolea lilivyotajwa katika nyumba ya Mtume, na mkono uliolishika ulikuwa wa nani.

Tumekwisha kutaja yatupasayo. Sasa tuseme tuliyoyafanya.

Mtaani kwetu yuko mzee mmoja, na Alhamdulillahi yu hai hata leo, ambaye wote twamwita Babu. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyewachinjia watu wa msikiti wetu siku ya Idi ya Mfunguo Tatu, katika akika, na katika arusi. Jiwe lake lilikuwa bapa la kijivu aliloliokota ujanani katika kijito kiteremkacho kutoka Udzungwa. Jiwe hilo lilikuwa limeliwa katikati hata likafanya bonde kama kiganja cha mkono, lakini Babu alijua wapi pa kulazia kisu na wapi pa kupaepuka. Alikuwa akinoa siku mbili kabla ya Idi, ameketi nyuma ya nyumba mahali ambapo mbuzi hawaoni, na alipokwisha alikifunga kisu katika kitambaa wala hakumruhusu mtu kukishika.

Macho ya Babu yalipoanza kupungua, alituita, akatukabidhi kazi hiyo. Tulimwambia kuwa mkono wetu haujui jiwe lake. Akasema, "Tafuteni lenu." Maneno yake yalikuwa mafupi, nasi hatukuyafikiri sana.

Kwa bahati mpwa wetu mmoja aliyekuwa akifanya kazi Muscat alirudi likizo, akatuletea zawadi ya chombo cha kunolea chenye mkono. Kwa kuwa huenda wasomaji wengine hawajapata kukiona, na tafauti nzima imo katika maungo yake, twapenda kukieleza. Iko jiriwa ndogo ikibanayo kisu mgongoni, makali yakielekea nje. Nyuma ya jiriwa husimama mti mfupi wa chuma wenye matundu, moja juu ya jingine. Jiwe la kunolea limegandishwa kwa gundi juu ya kibati cha alumini, na kibati kimeshikwa na fimbo nyembamba ya chuma. Fimbo hupitishwa katika tundu mojawapo, jiwe likalazwa juu ya makali, kisha likasukumwa mbele na nyuma. Tundu la juu hulisimamisha jiwe, na la chini hulilaza. Hivyo pembe ya makali haitegemei tena uhodari wa mkono. Sisi tulichagua digrii 20 kila upande, ambayo yafaa kwa kisu cha kuchinjia.

Mawe yake yalikuwa matatu, kila moja na kibati chake. Jiwe la namba ndogo lina chembe kubwa, nalo hula chuma upesi. La namba kubwa ni laini, na kazi yake ni kumalizia. Mawe mengi ya siku hizi hayachimbwi milimani. Mwaka 1891 Mmarekani mmoja, Edward Acheson, alipata katika tanuri la umeme chembe ngumu sana za silikoni na kaboni, akaziita karborandamu, na tangu hapo viwanda vikaweza kutengeneza vinoo vya chembe zilizo sawasawa. Jambo hili ni neema, na mwenye kuipata neema hufaa kushukuru. Lakini sisi tulizidisha, tukajiona. Tulikitumia chombo kile Idi mbili tatu, kisu kikawa kikali kuliko tulivyopata kukinoa maishani, hata tukawaambia vijana kuwa zamani za kubahatisha zimekwisha.

Ikaja masika ya mwaka 2024. Mvua zilikuwa kubwa mno, na maji yalituingilia nyumbani. Tulipookoa magunia ya mpunga na vitabu, sanduku la chombo kile lilisahauliwa chini ya kitanda, likalala ndani ya maji siku mbili. Maji yalipotoka tulikuta jiwe la kumalizia limebanduka katika kibati chake na kuvunjika vipande viwili. Yale mengine mawili yalikuwa mazima. Tulilifunga sanduku tukasema, "Tutanunua jingine." Siku zikapita, mavuno yakaingia, nasi tukawa mashambani tangu asubuhi hata magharibi.

Idi ya mwaka huo iliangukia katikati ya Juni. Tulikumbuka jiwe siku ya Arafa, alasiri, tumefunga. Tulikwenda dukani tukanunua jiwe jipya lililo laini, likawa pana kuliko kibati chetu, tukampa fundi wa marumaru akalikata kwa mashine yake. Likawa sawa kwa urefu na kwa upana. Unene hatukuutazama. Tukaomba gundi nyeupe kwa seremala jirani, tukaligandisha, tukaenda kufuturu. Baada ya sala ya isha tukalimwagia maji, tukanoa.

Wasomaji, usiku ule kisu kilimeremeta! Tuliinua karatasi, kisu kikaipasua bila kelele. Mwenzetu wa nyumbani akauliza kama hatungengoja asubuhi tukajaribu tena, nasi tukamjibu kuwa kitu kilichokwisha hakijaribiwi mara mbili. Hilo ndilo jibu tulilolijutia zaidi kuliko yote.

Asubuhi tuliswali Idi, tukasikiliza hotuba, tukaenda uani kwa msikiti ambako mbuzi wa kwanza alikuwa ametayarishwa. Tulimlaza kwa upole, tukamwelekeza kibla, tukataja jina la Mwenyezi Mungu, tukachinja. Kisu kikaingia kidogo, kisha kikateleza kana kwamba chapita juu ya mpira. Tulirudisha mkono mara ya pili, kikakataa. Hatutaeleza zaidi, maana watoto nao husoma kurasa hizi. Yatosha kusema kuwa yule mnyama aliyapata maumivu ambayo hakuandikiwa kuyapata kwetu, na watoto waliosimama ukutani wakafunika nyuso zao.

Babu alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu. Haoni vizuri, lakini alisikia. Alinyosha mkono, akatoa kisu chake cha zamani katika kile kitambaa, akatupa pasipo neno. Kazi ikamalizika kwa mpito mmoja.

Kwanza tulimwuliza Maalim kama nyama ile ni halali. Akatuuliza: je, mkono uliinuliwa ukarudi papo hapo? Tukasema ndivyo. Je, koromeo na umio vilikatwa vyote viwili hali mnyama angali na uhai wake uliotulia? Tukasema ndivyo. Akasema kuwa nyama ni halali, na kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi hayo ndiyo ya kuangaliwa katika jambo kama lile. Tulipoanza kushusha pumzi akaongeza, "Nyama ni halali, bwana. Ama uzembe, huo haukuhalalishwa." Tukainamisha vichwa.

Halafu tulikwenda kwa Babu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Tukaketi. Akakaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Jiwe ulilitazama?"

"Kisu tulikinoa, Babu, tena tulikijaribu kwa karatasi."

"Sikukuuliza habari za kisu. Nimekuuliza jiwe."

Hatukuwa na jibu.

Jioni ya siku ile ya furaha, nyumbani kwetu hapakuwa na furaha nyingi. Tulikitoa chombo, tukakiweka juu ya meza, tukakitazama kama mtu amtazamavyo rafiki aliyemdanganya. Binti yetu, aliyekuwa kidato cha tatu, akaja na kalamu yake nene ya wino mweusi. Akasema, "Baba, tukipake wino upande mmoja wa makali, kisha tusugue mara moja tu. Pale jiwe lipitapo wino utaondoka." Tukafanya hivyo kwa jiwe la kwanza, lile la chembe kubwa: wino ukaondoka mpaka ukingoni kabisa. Akapaka tena, tukaweka jiwe jipya, tukasugua mara moja. Wino ukaondoka nyuma ya makali, pale kisu kinapoanza kuwa kinene, mahali tuwezapo kupaita begani. Ukingoni ulibaki mweusi kama ulivyopakwa.

Binti akasema, "Baba, jiwe halikufika kwenye makali."

Hapo siri ikatoka. Jiwe jipya lilikuwa nene kuliko la zamani kwa milimita 4. Unene ule uliiinua fimbo juu, na fimbo ilipoinuka upande wa kisu, jiwe likalala zaidi ya ilivyopasa. Tangu tundu la fimbo hata makali kwetu ni kiasi cha sentimita 20. Binti alipiga hesabu kwenye daftari lake, akaona kuwa milimita 4 katika sentimita 20 hubadili pembe kwa digrii moja na kidogo. Digrii moja tu! Lakini yatosha jiwe lisugue bega usiku kucha, ling'are kama kioo, nalo lisiguse makali hata mara moja.

Basi kwa nini karatasi ilipasuka? Kwa sababu jiwe la chembe kubwa linapokula chuma mpaka ukingoni, huacha pale ukingoni uzi mwembamba wa chuma uliokunjamana, ambao ndio kazi ya jiwe laini kuuondoa. Jiwe letu laini halikufika, uzi ukabaki. Uzi huo ni mkali, nao huweza kupasua karatasi na kunyoa nywele za mkononi, lakini hauna nguvu. Ukikutana na ngozi na manyoya hulala upande, na kisu huwa butu papo hapo. Fauka ya hayo, tulipolishika jiwe tulikuta upande mmoja umeanza kubanduka, kwa kuwa gundi ile ya seremala hailipendi maji, nasi tuliimwagia maji kabla haijakauka. Hivyo jiwe lilikuwa likicheza tulipokuwa tukinoa, nasi kwa giza na haraka hatukulisikia.

Tangu siku hiyo tumejifunza namna ya kubadili jiwe, nasi twaona ni haki ya wasomaji wetu kuijua, hasa vijana watakaoshika kazi hii baada yetu.

Jiwe la zamani likiwa bado limeshika, usilibandue kwa bisibisi, maana kibati hupinda. Litie pamoja na kibati chake katika maji ya moto sana kwa kitambo, gundi nyingi hulegea, kisha usukume jiwe kwa upande. Kisha ukwangue kibati mpaka gundi ya zamani iishe, ukisugue kwa msasa ili kiwe na mikwaruzo midogo ya kushikia gundi, ukipanguse kwa spiriti, wala usikiguse tena kwa vidole, kwa kuwa mafuta ya mkono huizuia gundi isishike.

Kabla ya kugandisha, pima unene wa jiwe jipya, na la zamani kama bado unalo, mwanzo, kati na mwisho. Ukiona jipya limezidi, una njia mbili: ama utafute jingine lililo sawa, ama ujue kuwa kila utakapolitumia utaiinua fimbo kwenye mti wake kwa kadiri ile ile. Mwenye chombo chenye matundu yaliyotengana mbali, kama chetu, hana budi kuifuata njia ya kwanza. Gundi iliyo bora ni ile ya mirija miwili ya kuchanganya, ambayo haiogopi maji ikisha kauka. Paka kidogo tu, itandaze iwe nyembamba pande zote, laza jiwe, liweke chini ya uzito wa wastani juu ya kioo kilichonyooka, uliache siku nzima. Siku nzima, wasomaji, si baina ya magharibi na isha.

Likisha kauka, litazame uso wake. Jiwe jipya huweza kuwa na kilima, na la zamani huwa na bonde, kwa maana jiwe nalo huliwa kila siku linapokula chuma. Chora juu yake mistari ya penseli kama wavu, weka msasa juu ya kioo, umwagie maji, ulisugue jiwe hapo taratibu. Mistari ikibaki katikati, bado lina bonde. Endelea mpaka yote ifutike kwa pamoja. Jiwe lililozoea maji lipe maji, na lililozoea mafuta lipe mafuta, wala usiyachanganye.

Mwisho, usiamini macho. Kipake wino kisu kila unapobadili jiwe, sugua mara moja, utazame wino umeondoka wapi. Unapomaliza, sugua taratibu kwa zamu, upande huu mara moja na upande wa pili mara moja, mpaka ule uzi wa chuma usisikike kwa kidole kinachopita kutoka bapani kuelekea nje. Usipitishe kidole kwa kufuata urefu wa makali. Kisha kipitishe kisu pole juu ya kipande cha mti laini, na ndipo ujaribu karatasi. Kama kilikuwa kikikata kwa uzi, hapo kitakataa. Nacho heri kikatae mezani kuliko kukataa shingoni mwa kiumbe wa Mwenyezi Mungu.

Nasi tulipokwisha kujifunza haya ya chuma, tulibaki na moja lililotukosesha usingizi, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kisu chetu kiling'ara, watu wa nyumbani wakakisifu, nasi tukalala tukiwa radhi. Na kumbe jiwe halikufika mahali palipotakiwa. Je, ni mambo yetu mangapi yaliyo hivyo? Mtu huswali miaka 20, sala yake ikawa nzuri ya kutazamwa, na ulimi wake ukabaki ule ule kwa jirani. Mtu hufunga, na kipimo chake cha mpunga sokoni kikabaki pungufu kama kilivyokuwa. Ibada yake yasugua bega, nalo bega lang'ara, lakini haijafika makali. Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Sura ya Hajj, aya ya 37, kuwa nyama za wanyama hawa hazimfikii, wala damu yao, bali kimfikiacho ni ucha Mungu utokao kwetu. Twaisoma aya hiyo kila Idi. Mwaka ule tulielewa kuwa kufika ndilo jambo lenyewe.

La pili ni kuwa chombo kiongozacho mkono si kibaya, bali hakimwondolei mwenye mkono wajibu wa kukiangalia. Sisi tuliliacha jiwe la Babu kwa kuwa lina bonde, tukashika lililonyooka, na hatukufanya kosa kwa hilo. Kosa letu ni kwamba Babu alilijua bonde la jiwe lake, nasi hatukuujua unene wa jiwe letu. Vijana, shikeni vyombo vipya, hapana anayewazuia. Lakini msidhani kuwa mzee wenu alikuwa akibahatisha. Nanyi wazee, msiwakabidhi vijana kisu bila kuwakabidhi elimu yake, kwani maneno mawili ya ziada yangaliokoa mengi.

La tatu ni la akina baba kama sisi. Tuliambiwa na mwenzetu wa nyumbani tujaribu tena asubuhi, tukamkatiza. Tulionyeshwa kosa letu na mtoto wa shule mwenye kalamu ya wino. Hali hadithi ya Bibi Aisha tuliijua kwa moyo tangu chuoni! Tangu Idi ile, kunoa kisu cha kuchinjia nyumbani kwetu ni kazi ya watu watatu, na neno la mwisho si letu.

Idi ya mwaka 2025, iliyoangukia tena mwezi wa Juni, tulianza kunoa siku nne kabla. Tulibadili jiwe, tukapima, tukangoja gundi, tukapaka wino. Binti alipoonyesha kuwa wino umeondoka ukingoni pande zote mbili, tulikipeleka kisu kwa Babu. Hakukitazama, maana macho yamekwisha. Aliomba bua la mpunga, akalishika wima kwa mkono mmoja, akalikata kwa mwingine bila kulisukuma. Kisha akapitisha makali juu ya ubao wa kiti chake, akaomba bua la pili, akalikata vile vile. Akatuuliza, "Na jiwe?" Tukamwekea mkononi. Akalipapasa mwanzo, kati na mwisho, akaturudishia. Asubuhi ya Idi kila mnyama alikwenda kwa mpito mmoja, nao watoto hawakufunika nyuso.

Ndugu zetu, tuandikapo haya hatujidai kuwa tumekwisha kusamehewa lile la mwaka 2024. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe kwa ukarimu wake, nasi twawaomba ninyi jambo moja jepesi: kabla ya Idi ijayo, si usiku wa Arafa bali wiki moja mbele, tokeni mkalitazame jiwe lililo nyuma ya mlango. Lishikeni, lipapaseni katikati, mwulizeni aliyelitumia mwisho. Huenda mkalikuta liko sawa, mkalirudisha mahali pake, na hasara yenu itakuwa dakika tano.

Mwenyezi Mungu aifikishe ibada yetu pale inapotakiwa kufika, atupe upole kwa viumbe wake, na awape wazee wetu afya na vijana wetu usikivu. Amin.

Wabillahi tawfiq.